Muuguzi akikosea, nani wa kumshika mkono?

Januari 2014, muuguzi mwenye umri wa miaka 64, aliyekuwa kazini kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa akijaribu kumchoma sindano mtoto wa miaka miwili katika kituo cha afya cha binafsi jijini Kampala. Mtoto alijirusha, na sindano ikamchoma muuguzi kidoleni. Alikwenda kukihudumia kidole chake, kisha akarudi kumalizia kazi. Mama wa mtoto akashuku kuwa sindano iliyotumika baadaye ni ile ile. Vipimo vilipofanywa, ikabainika kuwa muuguzi anaishi na virusi vya UKIMWI.

Kilichofuata kilienea dunia nzima. Kabla mahakama haijatamka neno, picha zake zilikuwa zimezagaa magazetini na kwenye televisheni, na watu walikuwa wamekwisha kumwita muuaji. Polisi walimtuhumu kwanza kwa kujaribu kuua, kisha shtaka likawa uzembe unaoweza kueneza ugonjwa. Alinyimwa dhamana. Mei mwaka huo alihukumiwa miaka mitatu jela. Novemba, Mahakama Kuu iliiacha hatia isimame lakini ikapunguza adhabu, akaachiwa baada ya kukaa gerezani kwa takriban miezi kumi. Mtoto alipewa dawa za kinga, na vipimo vyake vilionyesha kwamba hakuambukizwa.

Jina la muuguzi huyo lilitangazwa vya kutosha wakati ule, na hakuna haja ya kulirudia hapa. Linalostahili kurudiwa ni swali aliloliacha katika kila wodi ya Kampala. Mzazi yule alikuwa na haki ya kujua nini kimemfika mwanawe, tena mara moja. Lakini muuguzi kijana aliyeiona kesi ile kwenye televisheni alijifunza nini? Kusema haraka anapokosea, au kunyamaza?

Jibu linawahusu pia wanaovuka mpaka kutafuta riziki. Mfanyabiashara anayeingia kwa Busia, Malaba, Mutukula au Katuna kwenda kununua mzigo Kikuubo au kuuza soko la Owino hajui homa itamkamata wapi. Ikimkamata Kampala, usiku atakuwa mikononi mwa muuguzi asiyemjua, na usalama wake utategemea kama muuguzi huyo anaweza kumwambia mwenzake, "Njoo uangalie hapa, nadhani nimekosea."

MAJERUHI WAWILI WA KOSA MOJA

Mwaka 2000 daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba kosa la hospitali hujeruhi watu wawili. Wa kwanza ni mgonjwa, na hakuna anayemtangulia. Wa pili ni mhudumu aliyekosea. Huyo hukosa usingizi, hurudia tukio kichwani, huanza kuogopa hata kazi aliyoifanya miaka kumi bila taabu. Wengine huhama wodi, wengine huacha kazi kabisa.

Shaka hiyo ni hatari kwa mgonjwa anayefuata. Mkono unaotetemeka huchelewa. Muuguzi asiyejiamini huogopa kumpigia daktari simu saa nane za usiku asije akaambiwa anasumbua. Huogopa kuuliza maana ya mwandiko asioweza kuusoma kwenye faili, akaamua kukisia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wodini, anayeficha shaka yake humweka mtu mwingine mbele ya kifo hicho.

Mazingira ya kazi hayasaidii. Katika hospitali kubwa za umma si ajabu zamu ya usiku kuwa na muuguzi mmoja au wawili kwa wodi iliyojaa hadi sakafuni. Kawempe, iliyopokea sehemu kubwa ya wazazi waliokuwa wakienda Mulago, ni miongoni mwa wodi za uzazi zenye shughuli nyingi kuliko zote nchini. Mkunga mmoja anaweza kuwa anamshikilia mama anayesukuma, huku mwingine akivuja damu kitanda cha tatu, na jamaa wa watu kumi wakimwita kwa pamoja, "Musawo! Musawo!" Jina hilo la Kiganda ndilo linalompokea kila mhudumu Kampala, awe daktari, muuguzi au mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mgonjwa anapomwita mwanafunzi musawo, anamtazamia ajue kila kitu, na mwanafunzi huona aibu kusema hajui.

HESABU YA WATU WAWILI

Wafanyabiashara wa Kikuubo wana desturi ambayo wauguzi pia wanaitumia. Gunia halipakiwi kwa hesabu ya mtu mmoja. Mpakiaji anataja namba kwa sauti, karani anaandika, na mwisho wanalinganisha. Hakuna anayesema karani anamdharau mpakiaji. Kila mmoja anajua kwamba baada ya gunia la mia mbili, macho ya mtu huchoka.

Wodini, hesabu ya watu wawili inahitajika zaidi kwa dawa ambazo kosa dogo linaua. Mfano ni magnesiamu salfeti, dawa inayookoa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia, ya mshipa na ya misuli kwa pamoja, ni gramu 14. Ikizidi, dawa hiyo hiyo huweza kuzima pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata mkunga anatakiwa kuhakikisha mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kalisiamu glukoneti, dawa ya kuizuia magnesiamu, iwe karibu. Mkunga aliyesimama tangu jioni anaweza kuyasahau yote hayo kwa dakika moja. Mwenzake akimuuliza tu, "Umehesabu pumzi?" maisha ya mama yamelindwa.

Kwa watoto tatizo huwa nukta. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo za uzito wake, na nukta ikisogea nafasi moja, mtoto hupata mara kumi ya alichoandikiwa. Kuna pia vichupa vinavyofanana kwa ukubwa na maandishi, vikipangwa sanduku moja, mkono wa haraka huchukua kisichotakiwa. Wauguzi hufundishwa tangu chuoni kuuliza maswali matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kiasi ndicho, njia ndiyo, saa ndiyo? Kuyajua maswali ni rahisi. Kazi iko katika kuwa na mtu wa kuyauliza nawe usiku wa manane bila kukucheka.

Ndiyo maana msaada wa kwanza ambao muuguzi mzoefu humpa mgeni huwa mdogo sana kwa macho. Humwambia mapema, "Ukiwa na shaka, niite, hata kama nimelala." Humwonyesha jinsi ya kuandika namba ili isisomeke vibaya. Wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi hupita naye kitanda kwa kitanda badala ya kusoma ripoti mezani, kwa sababu mgonjwa aliyeandikwa "anaendelea vizuri" saa kumi alfajiri anaweza kuwa na hali nyingine saa mbili asubuhi. Na mgeni akikosea, mzoefu huanza na mgonjwa: zima dripu, pima, ita daktari, andika. Machozi na maswali vina zamu yake baadaye, chai ikiwa mezani.

VIZUIZI VINAPOLALA PAMOJA

Lori la magendo haliwezi kuvuka mpaka kwa sababu ya askari mmoja tu aliyesinzia. Lazima mizani isikague, forodha isifungue turubai, na kizuizi cha mbele kiinue mti bila kuuliza. Makosa ya hospitali huenda hivyo hivyo. Daktari ameandika kwa haraka, duka la dawa limetoa kichupa kinachofanana, taa ya wodi imeungua, muuguzi yuko peke yake. Wa mwisho kushika sindano ndiye anayekamatwa, lakini mzigo ulipita vizuizi vinne kabla ya kumfikia.

Kampala ina hukumu inayoonyesha jambo hilo. Mwaka 2012 mama mmoja alijifungua mapacha Mulago, akaondoka na mtoto mmoja. Aliambiwa mwingine amefariki, na mwili uliotolewa kwa familia ulipopimwa vinasaba haukuwa wa mtoto wao. Januari 2017 Mahakama Kuu iliamuru familia ilipwe shilingi milioni 85 za Uganda, na hospitali ichukue hatua za kulinda watoto wachanga. Mahakama haikuishia kumtafuta muuguzi mmoja wa kumtupia mzigo. Iliangalia utaratibu mzima wa kumtambua mtoto tangu anapozaliwa hadi anapokabidhiwa.

Uganda pia ina utaratibu wa kujifunza bila kutafuta wa kumnyonga. Mama akifa kwa sababu ya ujauzito au uzazi, kifo kinatakiwa kutaarifiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku saba. Kikao hicho hakitaji jina la mhudumu wala hakigawi lawama. Kinauliza: mama alifika saa ngapi, damu ilikuwepo, gari lilichelewa wapi, nani aliitwa na hakuja? Vifo vya wazazi nchini vilikuwa 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 2016, na vikashuka hadi 189 katika ule wa mwaka 2022. Kushuka huko kuna sababu nyingi. Lakini hakuna idadi inayoshuka mahali ambapo watu wanaogopa kueleza kilichotokea.

Shida ni kwamba nje ya kikao hicho hofu ipo. Tangu mwaka 2009 kumekuwa na kitengo cha Ikulu kinachofuatilia huduma za afya, na kimekamata wezi wa dawa za serikali, kazi ambayo wananchi wengi wameishangilia. Wahudumu nao wamelalamika kwamba operesheni za mbele ya kamera huwachanganya mwizi na mtu aliyekosea. Mgonjwa anahitaji wawili hao watenganishwe.

KUSAIDIA SI KUFUNIKA

Hapa ndipo urafiki wa wodini hupimwa. Kuna tofauti ya namna tatu ambayo hospitali nyingi duniani sasa huizingatia. Ya kwanza ni kuteleza: muuguzi mwenye nia njema, aliyechoka, anasoma 15 mahali palipoandikwa 1.5. Huyo anahitaji kufarijiwa, na utaratibu urekebishwe. Ya pili ni mazoea mabaya: anaacha kuangalia jina la mgonjwa kwa kuwa "wote nawajua." Huyo anahitaji kuonywa na kufundishwa upya. Ya tatu ni kutojali: anaingia zamu amelewa, anauza dawa za wodi, anamwacha mzazi bila huduma mpaka jamaa watoe pesa. Hapo hakuna cha kufarijiana. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1996, lina mamlaka ya kumwita, kumsimamisha na kumfuta kwenye daftari.

Muuguzi anayemfutia mwenzake maandishi kwenye faili, au anayekubaliana naye "tuseme alikuja hali ikiwa mbaya," hamsaidii. Anamnyima mgonjwa dawa ya kurekebisha kosa, kwa sababu daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Na anamwachia mwenzake siri itakayomla kwa miaka. Anayemsaidia kweli husimama naye mlangoni kwa mkuu wa wodi na kusema, "Ana jambo la kueleza, nami nipo." Kisha hubaki pale familia inapoelezwa ukweli.

Mjadala huu hauko Kampala peke yake. Desemba 2017, katika jimbo la Tennessee, Marekani, muuguzi alichukua dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza hofu, na mgonjwa wa miaka 75 akafariki. Muuguzi alikiri siku hiyo hiyo. Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na Mei akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda jela. Wauguzi waliandamana nje ya mahakama, wakisema kesi hiyo itawafundisha wenzao kuficha. Miaka miwili baadaye jimbo jirani la Kentucky lilipitisha sheria ya kutomfungulia mhudumu mashtaka ya jinai kwa kosa la kawaida la kitabibu, isipokuwa pale penye uzembe mkubwa au makusudi.

Shirika la Afya Duniani nalo lilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na tangu mwaka 2019 Septemba 17 ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Makadirio ambayo shirika hilo huyatumia ni kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, huduma isiyo salama hospitalini huchangia vifo milioni 2.6 kila mwaka.

MUUGUZI NAYE HULALA KITANDANI

Usalama wa mgonjwa huanzia kwa usalama wa anayemhudumia. Muuguzi aliyejichoma sindano anatakiwa kuanza dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kuzimeza kwa siku 28. Akiogopa kusema amejichoma, saa hizo humpita akiwa kimya. Mwenzake anayemwambia "acha hapo, nenda ukapimwe, wagonjwa wako nitawashika mimi" anawalinda watu wawili kwa neno moja.

Ebola imelionyesha hilo kwa ukali. Katika mlipuko uliotangazwa Septemba 2022, ulioanzia Mubende na kufika Kampala, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba wakafariki. Januari 30, 2025 serikali ilitangaza mlipuko mwingine baada ya kifo cha muuguzi wa kiume wa miaka 32 aliyekuwa akifanya kazi Mulago. Alikuwa amezunguka kutafuta tiba sehemu mbalimbali, na wenzake waliomhudumia wakaingia kwenye orodha ya watu wa kufuatiliwa. Mlipuko huo ulitangazwa kuisha Aprili 26 mwaka huo.

Wafanyabiashara wanaikumbuka miezi ile kwa foleni za kupimwa joto mpakani na wateja waliopungua. Wauguzi wanaikumbuka kwa kuhesabu siku 21, kila asubuhi mtu akijipima na kumuuliza mwenzake hali kwa simu. Maswali yao ya ndani yalikuwa yale yale: je, nilivaa glavu vizuri, nilinawa, nimemletea nani nyumbani? Aliyekuwa na mwenzake wa kuyasema mapema alijulikana mapema, na hiyo ilikuwa kinga ya mji mzima.

MGONJWA KUTOKA NG'AMBO YA MPAKA

Mfanyabiashara anayelazwa Kampala ana sehemu yake katika usalama huu. Huenda akaitwa kwa Kiganda wakati yeye anajua Kiswahili na Kinyakyusa, au Kiswahili na Kishi. Akijibu "ndiyo" kwa jina ambalo hakulisikia vizuri, amefungua kizuizi cha kwanza. Atamke majina yake yote na umri wake kila anapopewa dawa, hata kama amekwisha kuyasema mara tano. Kama jina lake linafanana na la jirani wa kitanda, aseme wazi.

Abebe alichokuwa akimeza, pamoja na paketi zake. Vidonge vya presha vilivyonunuliwa Namanga vinaweza kuwa na jina la kibiashara lisilojulikana Kampala, ingawa dawa yenyewe ni ile ile. Bila paketi, anaweza kupewa dozi mara mbili. Kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumwasha mwili, hilo ni la kusema kabla ya kutaja hata chanzo cha safari. Na aulize, kwa heshima: "Musawo, hii ni dawa ya nini?" Muuguzi mzuri hakasiriki. Swali hilo ndilo hesabu ya mtu wa pili pale ambapo mwenzake wa zamu hayupo.

Jambo likienda vibaya, jamaa waombe kuonana na mkuu wa wodi, wadai maelezo na maandishi. Wasiporidhika, uongozi wa hospitali upo, Baraza la Wauguzi na Wakunga lipo, na mahakama zipo kama kesi ya mapacha ilivyoonyesha. Kumpiga picha muuguzi analia na kuisambaza hakujawahi kumrudishia mtu mgonjwa wake.

Nchi za Jumuiya zinataka wauguzi wake waweze kufanya kazi ng'ambo ya mpaka kama mizigo inavyovuka, na vyeti vyao vitambuliwe. Vyeti vitavuka. Kitakachohitaji kuvuka pamoja navyo ni desturi ya kusema mapema: kwamba muuguzi kutoka Kisumu akianza zamu Kampala, au wa Kampala akianza Kigali, akute mtu wa kumwambia "sina uhakika" bila kuona haya. Anayelala kitandani hatajua mazungumzo hayo yalifanyika. Atajua tu kwamba aliamka, akalipa bili, na basi la saa mbili usiku kuelekea mpakani halikumwacha.